Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Kazi yangu ni mbili: kuandika, na kubonyeza taa.
Kijani, sema. Njano, funga maneno.
Nyekundu, keti.
Dakika mbili kwa kila mwananchi,
na mwalimu, katika ukumbi huu wa kaskazini ya Minnesota,
ni mwananchi tu
aliyeacha mabuti yenye theluji mlangoni.

Mgeni wa kampuni hakuwekewa taa.
Alimulika michoro ukutani saa nzima na robo,
mistari ikipanda kama ngazi ya zimamoto,
kisha akainua kitabu cha mwalimu, kipya, kinanuka gundi:
saa tatu na dakika kumi, sema hivi;
saa tatu na kumi na mbili, nyamaza, hesabu hadi tano;
mtoto akiuliza lisilokuwemo, rudi ukurasa uliopita.
Wajumbe saba wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
lakini shuka, naona, unaweza kuichagulia rangi.

Ndipo akasimama Ardis Kettunen.
Miaka thelathini na mmoja, darasa la pili,
chumba namba tisa, upande wa reli
ambako behewa za chuma zikipita somo husimama lenyewe.
Mimi nilijifunza kusoma mlemo. Sikulitaja hilo popote.
Karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili.

"Nina mtoto," akasema, "nimwite Wendell, ingawa si jina lake.
Takwimu zenu zinasema hajui sauti za herufi.
Anazijua. Sikio la kushoto ndilo halizisikii.
Niligundua Oktoba, nilipoihamisha meza yake
kwa ajili ya upepo wa dirishani,
si kwa ajili ya ukurasa wowote.
Na kitabu hiki kinasema meza zisihamishwe kabla ya..."

Nyekundu.
Kidole ni changu. Nakiri.

Mwenyekiti akamshukuru. Si mtu mbaya, anauza matairi,
huwakopesha wajane hadi masika.
Daftarini natakiwa niandike: Maoni yamepokelewa.
Sanduku la posta nalo hupokea.

Lakini karatasi haikuketi.
Royce Beaulieu wa hesabu aliichukua mkononi mwake
akaendelea palepale neno lilipokatwa:
"...kabla ya mitihani ya Januari. Sisi tulio darasani
hatukatai mabadiliko. Tunakataa kuyasikia redioni."
Nyekundu.
Akaja Pa Houa Vang, mwenye sauti ndogo, akasoma ya kwake.
Nyekundu.
Akaja mwalimu wa muziki, akisaka miwani mifukoni
hadi dakika nzima ikamwishia,
na hakuna aliyecheka, au tulicheka sote, sikumbuki.
Mwenyekiti akapekua kanuni.
Kanuni zinahesabu watu. Hazikuhesabu karatasi.

Nami nikaandika.
Siyo "maoni." Maneno.
Nilijaza kurasa nne, mkono ukaniuma
kama ulivyouma nilipokuwa na miaka saba
na herufi *s* ilikataa kupinda,
naye akanishika kiganja, hakusema kitu,
akaipinda pamoja nami.

Kura: tano kwa mbili. Mpango umepita.
Niliandika na hilo. Ni kazi yangu.

Watu walipokwisha kuondoka niliikuta karatasi kwenye mimbari,
imelowa pembeni, bado na mstari mmoja
ambao hakuna aliyebaki kuusoma.
Nilidhani utakuwa mkubwa, wa kuchongwa kwenye jiwe.
Ulisema:
*Halafu, tafadhali, dirisha la chumba namba tisa bado halifungi.*

Nikazima taa zote tatu.
Nikauingiza kwenye kumbukumbu, neno kwa neno,
juu ya sahihi yangu.
Jumatatu mwenyekiti anataka kuniona.